Mwiko wa Datsun

Wallahi, aliyesema gari ni mali hakuwa na Datsun 1600 SSS. Langu ni la 1970, mwaka ule ule Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda Safari Rally kwa gari la aina hii. Nalijua hilo, tafadhali usinikumbushe. Hapa Shella, Malindi, hakuna mzee anayepita barazani kwangu asinisimulie, wala hakuna aliyewahi kutoa shilingi ya spea.

Lenyewe haliingii kichochoroni. Hulala kule barabarani, likila chumvi ya bahari. Mwezi uliopita likaanza kukohoa, nguvu zikalitoka, hata tuktuk iliyojaa madafu ikanipita Lamu Road, dereva akinipungia mkono. Fundi akapima kompresheni, akatikisa kichwa: "Ami, valvu za ekzosi zimeungua." Kumbe fundi wa kwanza alizibana ili zisilie kama cherehani. Injini ikiwa moto, ekzosi inataka nafasi ya milimita 0.30. Ukiinyima, valvu haikai vyema kwenye siti yake ikapoa. Huungua, na mfuko wako nao.

Nikaagiza Nairobi. Zikaja za Datsun kweli, ila za injini kubwa zaidi. Muuzaji akaniambia kwa simu nizichonge. Nizichonge! Mihogo hiyo?

Wiki mbili baadaye, zilipokuja za sawa, tukafungua hedi. Injini hii ina mnyororo, na mnyororo una kikaza chake huko chini. Ukinyanyua hedi bila kupachika kabari ya mbao, kikaza kinachomoka, na hapo utaifungua mbele yote ya injini. Fundi akataka mbao ngumu, nyembamba, sasa hivi. Mke wangu alikuwa arusini. Nikaingia jikoni, nikatoka na mwiko aliorithi kwa bibi yake. Nilidhani fundi atauazima tu. Akaupitisha msumeno kabla sijasema bismillahi.

Siku nzima akawa anapekecha valvu moja moja kwa kijiti chenye kikombe cha mpira, viganja vikisugua kama anayewasha moto, pesti ikikwaruza, mpaka kila siti ikatoa ukanda wa kijivu usiokatika. Kisha akageuza hedi, akamimina mafuta ya taa matunduni. Tukainama kutazama, kimya, kama wanaongoja mwezi wa Idd. Halikuvuja hata tone. Nilimpenda yule fundi kwa dakika tano hivi, mpaka aliponiambia karbureta zote mbili zimechoka.

Gari sasa linanguruma. Kabari ilitoka salama, imelowa oili nyeusi, nikamrudishia mwenyewe pamoja na ile nusu nyingine. Hakusema neno. Ameiweka kabatini, na kila nikitaja safari ya Mombasa kutafuta karbureta, huinuka akaenda kuileta.