Waraka wa Majitaka kutoka Ohio

Ndugu walioko Tanga, Mombasa na kwingineko, ambao wameamini siku zote kwamba mhamiaji anayenunua nyumba Marekani hununua vyumba, jiko na bustani ya mbele, waarifiwe kwamba pamoja na hivyo hununua bomba la majitaka ambalo hajawahi kuliona, linalotoka chini ya nyumba, likapita chini ya majani na miti, hadi kukutana na bomba kuu la jiji barabarani. Katika miji mingi ya nchi hiyo, bomba hilo la kiungo, lote au sehemu yake kubwa, ni mzigo wa mwenye nyumba. Yaani jiji liko tayari kuupokea uchafu ukishafika, lakini nauli ya safari ni juu ya mwenyewe.

Nyumba za zamani za Ohio zina mabomba ya chuma au ya udongo wa kuchoma, ambayo vipande vyake vifupi vimeungwa kwa maungio yanayolegea kadiri miaka inavyopita, na mizizi ya miti, ambayo hufuata unyevu popote ulipo, hupenya humo na kustawi kwa mbolea isiyokatika. Baya zaidi ni bomba la Orangeburg, lililopewa jina la kijiji kimoja cha jimbo la New York lilikotengenezwa, ambalo lilienea sana baada ya Vita Kuu ya Pili na kuachwa miaka ya 1970. Bomba hilo si chuma wala udongo, bali ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa pamoja na lami ya makaa ya mawe. Kwa maneno mengine, ni karatasi nene iliyokabidhiwa kazi ya choo. Likielemewa na udongo kwa miongo kadhaa hubonyea kama andazi lililokaliwa, na hapo maji ya kuogea huanza kurudi nyumbani, yakifuatana na jamaa zake.

Swali la ukoo, kwamba kwa nini asiitwe fundi, lina jibu fupi: fundi bomba mwenye leseni Ohio hutoza fedha ambazo Tanga zingejenga choo chenyewe, karo lake, na pengine banda la kuku. Ndiyo maana mtu mwenye shahada mbili, ambaye kwao hakuwahi kushika chepe hata msibani, huonekana Jumamosi akiwa ndani ya handaki.

Hata hivyo, kuchimba hutanguliwa na karatasi. Kwanza hutafutwa kibali cha ujenzi, pale ambapo jiji humruhusu mwenye nyumba kujifanyia kazi hiyo. Kisha hupigwa simu namba 811, siku chache kabla, ili mashirika ya huduma yatie alama ardhini: nyekundu kwa umeme, manjano kwa gesi, buluu kwa maji safi. Kijani ni ya majitaka, ila bomba binafsi, ambalo ndilo hasa linalotafutwa, kwa kawaida haliwekewi alama yoyote.

Handaki likizidi kina cha mita 1.5, kanuni za usalama kazini hudai kuta zake zizuiwe zisiporomoke. Kanuni hizo zimeandikwa kwa ajili ya waajiri, wala hazimgusi anayejichimbia kwake, lakini udongo haujazisoma, na mita moja ya ujazo wake ina uzito wa zaidi ya tani moja. Kwa hiyo mwenye busara huweka vizuizi. Bomba jipya la plastiki hulazwa juu ya kokoto ndogo, kwa mteremko unaozoeleka wa sentimita 2 hivi kwa kila mita, na huunganishwa na la zamani kwa mkono wa mpira unaokazwa kwa mikanda ya chuma. Pima maji ndiyo mwamuzi hapo, si jicho, wala si shahada.

Handaki halifukiwi mpaka mkaguzi wa jiji aje kulitazama, naye huja siku aitakayo. Kamati ya harusi, ambayo imekuwa ikikumbusha mchango kwenye kundi la WhatsApp kila asubuhi, inaombwa iandike ahadi ya mhamiaji huyo kwa penseli hadi mkaguzi atakapotia saini.