Sifa za Mwanya

Washairi wakitafuta cha kusifu huchagua mwezi, asumini, au macho ya mtu asiyewajali. Mimi nimechagua mahali pasipo na kitu. Nausifu mwanya, ule uwazi wa milimita 5 kati ya ubao na ubao kwenye baraza ya mbao niliyojengewa uani kwangu, Kigamboni. Hauna uzito, hauuzwi kwa futi, wala hakuna duka la vifaa linalouweka stoo. Ukiukosa, hata hivyo, mbao zote ulizolipia zinakugeuka.

Kuhusu neno sifa, watu wa vyombo wanayo ya kwao: mafuta ya papa wanayopaka ubavu wa jahazi, yanayonuka mpaka mtaa wa tatu. Atakayeona sifa zangu nazo zinanuka kidogo ajue zina asili.

Mwanya umeponzwa na jamaa yake, ufa. Tangu tukiwa shule ya msingi tumeimbishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, tukakua tukiona kila uwazi ni uzembe wa fundi. Lakini ufa huingia bila hodi, mwanya hualikwa. Na mbona kinywani uzuri wake tunaujua? Binti mwenye mwanya kwenye meno ya mbele akicheka, mteja anasahau alikuwa anaulizia bei ya nini. Meno yakiachana kidogo tunaita urembo. Mbao zikiachana kidogo tunadai tumepunjwa mbao.

Nami nilidai. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, jua linachoma. Mbao zilikuwa paini za Mafinga zilizopigwa dawa, mbili kwa sita, zimekaa ghalani miezi mingi hadi zimekauka kabisa. Fundi alilaza ubao wa kwanza, akasimamisha msumari wa inchi nne pembeni yake, akataka kulaza wa pili.

“Fundi, hapo umeacha uwazi.”

“Ndiyo, bosi. Wa kupumulia.”

“Mti ulishakatwa huko Mufindi, unapumua nini tena? Mbona jahazi halina uwazi?”

“Jahazi linalala ndani ya maji, bosi. Hii, maji ndiyo yatalala juu yake.”

Lilikuwa jibu kamili, ila mwenye pesa huwa hasikii vizuri. Mwenye jahazi anataka bahari ibaki nje, ndiyo maana mafundi wa vyombo hutia kalafati, pamba iliyolowa mafuta ikashindiliwa kwenye maungio, kisha maji yenyewe huvimbisha mbao zikabana. Chombo kilichokaa sana nchi kavu kikishushwa huvuja kwanza, mpaka mbao zinywe. Baraza haielei. Inanyeshewa, na haiombi zaidi ya njia ya maji kupita. Haya nayajua leo. Siku ile nilisema zibanwe. Fundi akautia msumari mfukoni, akaniangalia vile mafundi wanavyowaangalia wenye hela zao, akasema, “Sawa bosi, baraza ni yako.”

Zikabanwa mbao 22, kutoka ukuta wa nyumba mpaka ukuta wa fensi. Nilitembea juu yake peku, nikaiona laini kama meza ya mwalimu mkuu. Nilialika watu.

Masika yakaja. Ubao ukinywa maji hauongezeki urefu kiasi cha kuonekana, huongezeka upana. Ubao mkavu wa sentimita 15 unaweza kupanuka milimita 2 au 3, unene wa sarafu tu, nani atajali? Zidisha mara 22. Zile ni kama sentimita 5 zinazotafuta pa kwenda, na kulia kwake kuna tofali, kushoto tofali. Zikaenda zilikoachiwa: juu. Usiku mmoja wa Aprili tulisikia mlio, tukadhani ni mwizi. Asubuhi baraza ilikuwa na mgongo wa kobe, na misumari imetoa vichwa kama kenge wanaoota jua. Kwenye mabonde ya pembeni maji yalituama, na mbu wakapata bwawa ambalo sikuwaombea kibali.

Fundi alirudi na hakusema neno, jambo lililoniuma kuliko kusemwa. Safari hii alikuja na skrubu. Msumari, ubao ukivimba na kunywea, huchomoka kidogo kidogo. Skrubu ina meno, haiachii. Alipiga mbili kila ubao ulipovuka mhimili, sentimita 2 kutoka ukingoni, na kwenye ncha alitoboa kwanza kwa drili ili ubao usipasuke. Kichwa alikilaza sawa na uso wa ubao, maana kikizama kinachimba kikombe cha maji. Zote zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Mbao za dawa aghalabu zina shaba ndani, na shaba hiyo hula chuma cha kawaida. Kitakachobaki, chumvi ya bahari inamalizia.

Na ule msumari wa inchi nne? Uliachishwa kazi ya kupigilia ukapandishwa cheo kuwa kipimo cha mwanya, unasimama kati ya mbao mbili, unachomolewa, unahamia mbele. Sijawahi kuona mwingine aliyeondolewa kazini akarudi kuwa mkaguzi. Au nimewahi, lakini hapa tunazungumzia mbao.

Jirani yangu alipouona mwanya wangu alitaka wake. Akanunua mbao mbichi, bado zinachuruzika dawa, akaziachia nafasi ileile. Zilipokauka zilisinyaa, na sasa mwanya wake unapitisha mguu wa kuku. Kuku mwenyewe ameshathibitisha. Mbao mbichi zingebanwa tu. Mwanya ungekuja wenyewe, kwa wakati wake, kama mgeni anayejua njia.

Kwa hiyo leo mvua ikinyesha, maji yanapita. Mchanga unaoletwa na miguu ya watoto unajifagilia. Hewa inapanda kutoka chini na kukausha tumbo la mbao, huko ambako uozo hupenda kuanzia. Mwanya hufanya yote haya bila mshahara, isipokuwa ushuru mdogo anaojikatia mwenyewe. Mpaka sasa ameshachukua sarafu nisizozihesabu, laini moja ya simu, na kidonge cha presha cha mama mkwe, ambaye aliamini nimekificha.

Ufunguo wa geti nao alikwenda nao. Mwanangu alifunga sumaku ya spika mbovu kwenye fimbo, akalala kifudifudi pembeni ya baraza, akapapasa nayo gizani nusu saa nzima. Ufunguo wenyewe, wa shaba, haukushtuka. Pete yake ya chuma ndiyo iliyonasa. Tangu siku ile habari za sumaku yetu zimeenea, na shemeji, aliyedondosha hereni siku ya Idi, amekuja kuiazima mara mbili. Hereni ni ya dhahabu. Dhahabu haishikwi na sumaku.