Inakoroma Tu Kidogo

Kuna vitu viwili ambavyo mke wangu akiviona vinaingia uani kwetu hapa Dutumi hupiga yowe: nyoka na redio. Nyoka huwaitia watu. Mimi na redio yangu hutukabidhi kwa Mungu.

Naomba nisikike, si zote mbovu. Uvunguni zipo kumi na moja, na mbili kati ya hizo zinaongea. Moja huongea ukiikandamiza mgongo kwa goti. Nyingine huongea ikijisikia.

Ugonjwa huu niliupata kwenye mnada. Ofisi moja mjini, ambayo siitaji, iliamua kuuza vifaa chakavu, na tangazo lao likasema kama yasemavyo matangazo yote ya mnada: mali zitauzwa kama zilivyo, mahali zilipo. Nimezeeka ndani ya lugha hii na sijakutana na maneno mengine yanayomdhulumu mtu kwa adabu kiasi hicho. Kama ilivyo, maana yake haifanyi kazi. Mahali ilipo, maana yake utajua mwenyewe utakavyoibeba.

Nilichokitaka mimi ni redio ya Philips, ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, ya zama za valvu, yaani zile taa za kioo zilizokuwa zikifanya kazi kabla transista hazijaenea. Dalali akasema haiuzwi peke yake, ipo kwenye fungu moja na taipureta isiyo na herufi A na feni iliyovunjika shingo. Fungu halivunjwi. Kumbe na kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi naye alikuwa anaitaka, si kuisikiliza, bali kuiweka kwenye rafu ya mgahawa wa watu Dar es Salaam ili wateja waipigie picha. Nikapandwa na hasira. Mtu akiwa na hasira haoni bei. Tulipandishiana hadi shilingi 85,000, kijana akavua miwani, akanitazama kwa huruma, akaivaa tena.

Asilimia 25 papo hapo, akasema karani, kana kwamba nimenunua nyumba ya ghorofa. Nikahesabu 21,250 mbele za watu, hamsini ya mwisho ikatoka kwenye soksi. Hapo ndipo akili ikanirudia, nikamuuliza dalali kama redio inafanya kazi.

“Haina ubaya, mzee wangu. Inakoroma tu kidogo.”

Ukumbini pale umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mpaka leo sijui aliisikia wapi ikikoroma.

Habari ya kuifikisha nyumbani siisimulii yote. Mpaka Mlandizi ilikaa kwenye kiti cha basi nami nikasimama. Kutoka Mlandizi kijana wa bodaboda aliizunguka mara mbili, akasema, “Mzee, huyu ni abiria,” akatoza nauli ya watu wawili, watatu na taipureta. Feni niliisahau stendi, na sijaifuata. Mke wangu alitupokea akiwa na ufagio mkononi. “Umenunua kabati?” Redio, nikasema. “Simu yako ina redio.” Nikamwambia hii ni ya kale. “Na wewe ni wa kale, mbona hakuna anayekunadi?”

Usiku niliifungua. Misumari minne ya kuzungusha, kisha ubao wa nyuma wa karatasi ngumu wenye matundu ya kupitisha joto. Matundu hayo panya waliyaelewa vizuri kuliko mafundi. Walikuwa wamejenga kiota cha stakabadhi zilizotafunwa, na juu ya transfoma nyigu wa udongo naye alikuwa na chumba chake. Valvu zilikuwa tano. Valvu nzima huwa na doa linalong'aa kama fedha ndani ya kioo. Hewa ikiingia, doa hilo hugeuka jeupe kama maziwa. Yangu moja ilikuwa maziwa matupu. Kioo cha mbele, kile chenye mshale wa kutafutia stesheni, kilikuwa salama salimini, na kimeandikwa majina ya miji: Hilversum, Luxembourg, Roma. Dar es Salaam hakuna. Mlandizi ndiyo usiseme.

Niliibeba kwa fundi wa simu. Akaigeuza, akaikagua chini, akauliza inachajiwa wapi. Nikamshukuru, nikaondoka.

Fundi wa kweli nilimpata kwa kuulizia wazee. Yeye aliiangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyekwisha kumwagiwa dawa za mitaani, na swali lake la kwanza likawa: “Umeshaichomeka?” Sijaichomeka. Akapumua. Redio iliyolala miaka mingi haiamshwi kwa kuichomeka ghafla, maana kapasita zake zilishakauka au zinavujisha umeme, na ukiipa umeme wote kwa mkupuo transfoma inaungua, mchezo umekwisha. Kwanza ubadilishe kapasita. Halafu uunge balbu njiani kati ya umeme na redio: balbu ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, zima haraka, ikiwaka kisha ikafifia, endelea kwa jina la Mungu. Lakini iwe balbu ya zamani, ile ya waya ndani, ya wati 60. Hizi nyeupe za kisasa hazifai kwa kazi hiyo.

Basi nilimaliza wiki nzima nikitafuta balbu ya waya. Kapasita zilipatikana, hata valvu ilipatikana kwenye mzoga wa redio nyingine ambayo, ndiyo, nililazimika kuinunua. Balbu hakuna. Taifa zima limehamia kwenye taa za kubana matumizi bila kuniuliza.

Hapa watu huuliza, kwa nini? Jibu ninalo, ila ni la kizee. Mwaka 1973, ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikusanyika kwa makundi nchi nzima kusikiliza redio na kujadili kitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio iliyokusanya mtaa wetu ilikuwa ya babu yangu, imevishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na kuigusa ilikuwa ni kesi. Betri zikichoka zilianikwa juu ya bati pamoja na muhogo, zikapata jua, zikarudi na pumzi ya kutosha mchezo wa Pwagu na Pwaguzi na matangazo ya vifo. Ndugu wengi walizikwa wakiwa na watu kwa sababu tangazo lilisomwa Radio Tanzania na babu alikuwa na betri. Usiku wa Aprili 12, 1984, ilipotangazwa kwamba Waziri Mkuu Sokoine amefariki katika ajali, watu wazima walilia mbele ya kile kidude. Sasa mtu anataka kukiweka mgahawani, pembeni ya chipsi.

Nilijaribu kumweleza mke wangu historia pana zaidi. Nikamwambia mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya bei nafuu kwa Waafrika, pauni 5, na kasha lake lilikuwa sufuria. Sufuria kabisa, ya kupikia, imepakwa rangi ya buluu. Nilidhani atafurahi. Alinyanyuka polepole, akahesabu sufuria zake, akafunga jiko kwa ufunguo.

Amri hiyo ya jiko ilinipa tabu baadaye, niliponunua National ndogo ya transista kwenye mnada wa kijijini, kati ya mbuzi na nguo za mtumba. Dalali huyu hakuwa yule wa mjini, lakini nadhani madalali wote walisoma shule moja, maana naye alisema inakoroma tu kidogo. Mwenye redio wa zamani aliziacha betri ndani, nazo zikatapika mpaka vibati vikaota ukungu wa kijani. Fundi wangu akaniambia: betri za kawaida hutapika tindikali, zisafishe kwa magadi na maji kidogo, za alkali zisafishe kwa ndimu. Sikujua zangu zilikuwa za kabila gani. Nikabisha hodi jikoni nikiomba magadi na ndimu. “Unapika nini?” Redio, nikasema. Alinipa ndimu moja kupitia dirishani, magadi akaninyima.

Sasa nifike kwenye uchungu wenyewe. Balbu ilipatikana mwishowe, na redio zote mbili zilipona. Ile Philips iliwaka, mshale ukatoa mwanga wa manjano kama wa koroboi, harufu ya vumbi la moto ikajaa sebuleni, na sauti nzito ikatoka: shhhhhh. Nikazungusha. Shhhhhh. Stesheni ambazo watoto wanazisikiliza ziko FM, na redio yangu ilitengenezwa FM haijafika huku. Masafa ya kati, yaliyokuwa yamejaa watu, siku hizi ni kama stendi saa nane usiku. Yamebaki masafa mafupi, hayo nayo huingia usiku tu, kwa waya niliouvusha mpaka kwenye mwembe, ambao mke wangu mchana huanikia khanga.

Na tangu umeme ufike kijijini hali imekuwa mbaya zaidi. Chaja za simu, taa zile zile za kubana matumizi, king'amuzi cha jirani, kila kimoja kinaimba ndani ya redio yangu. Usiku mmoja, kwenye mita 25, nilinasa sauti ya mwanamke anasema Kiswahili kilichonyooka. Nikashika pumzi. Nikadhani ni Zanzibar, maana kwa miaka walikuwa wakisikika hapo, kilohezi 11735. Amefika “na sasa mpenzi msikilizaji, hii ni”, mwanangu akachomeka chaja chumbani. Trrrrrrrr. Nilipokwisha kumfokea, mwanamke alikuwa amekwenda zake.

Nilisusa. National nikaitupa kwenye dungu kule shambani, ambako mwanangu hulala kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori usiku na ngedere asubuhi. Naye kwa uvivu wake akaiwasha, akaipandisha sauti mpaka mwisho, akalala fofofo.

Nguruwe hawakuja. Ngedere walikaa juu ya mti ng'ambo, wakaisikiliza ile shhhhhh wakiwa na wasiwasi wa dhati, hawakushuka. Wiki nzima. Shemeji yangu wa Kisarawe, aliyepoteza robo eka kwa ngedere hao hao wa dunia, amepiga simu kuulizia bei. Majirani wawili wameomba kuazima. Gharama ya betri ni yangu, hilo hakuna aliyelitaja.

Juzi jioni simu iliita tena, yule dalali wa mjini. Nikaipokea nimegeukia ukutani, lakini spika ya simu hizi haina siri. “Mzee wangu, nimekuwekea moja, National, bendi tatu, haina ubaya kabisa. Inakoroma tu kidogo.”

Jikoni chekeche ikanyamaza.

“Muulize,” akasema mke wangu, “hamna inayokoroma sana?”