Mhadhara Mkuu Kuhusu Buibui wa Majumbani Mwetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wajumbe wa mashina, wazee wangu shikamooni, akina mama wa vikoba ambao kikao chenu nimekiazima kwa dakika chache, na nyinyi vijana mlioletwa na harufu ya pilau: itifaki imezingatiwa.

Kwa wasionijua, na kosa ni lao, mimi ndiye Mtaalamu Mkuu wa Buibui wa mtaa huu. Cheo hiki sikupewa na chuo. Vyuo hutoa vyeti kwa watu wanaohitaji kuthibitishwa. Mimi nilijiteua baada ya mashauriano marefu na nafsi yangu, na hakuna aliyepinga. Utafiti wangu nimeufanya bafuni, stoo na nyuma ya friji, mara nyingi nikiwa juu ya stuli. Sayansi inahitaji mwinuko.

Tuanze na adabu. Buibui si mdudu wa kupigwa ndala ovyo. Kwanza, kitaalamu si mdudu kabisa: wadudu wana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, yeye ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili. Pili, ana ukoo. Aina zaidi ya 50,000 zimekwisha kuorodheshwa duniani. Tatu, ana hadhi. Majina rasmi ya wanyama yanahesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, isipokuwa buibui, ambao majina yao yanakubalika kuanzia kitabu cha Msweden Carl Clerck cha mwaka 1757. Simba, tembo na nyangumi walikuwa bado kwenye foleni. Nanyi mnamfukuza na fagio!

Sasa niwatambulishe wapangaji wenu, ambao hawajawahi kulipa kodi lakini wanafanya kazi kuliko baadhi ya wanaolipa.

Darini yupo mwenye miguu mirefu, myembamba kama nywele. Ukimgusa, hujitikisa yeye na utando wake kwa kasi hadi macho yashindwe kumshika. Wajinga hudhani anatetemeka kwa hofu. La hasha! Ni mbinu ya kumvuruga adui. Nami siku nikionekana natetemeka mbele ya buibui, naomba ichukuliwe hivyo hivyo.

Ukutani, saa za usiku, hupita Heteropoda venatoria. Kilatini nimekitamka ili mjue mnazungumza na nani. Huyu ni bapa, wa kahawia, miguu yake ikitandazwa yaweza kujaza kiganja cha mtu mzima. Amesambaa nchi za joto kwa kudandia meli za biashara. Hatandi utando wa kuwindia; anakimbiza. Mlo wake ni mende. Jike hubeba mayai yake chini ya kifua ndani ya kifuko bapa cha hariri, na muda wote huo halii wala halalamiki. Nimempa heshima zangu zote, nikiwa chumba cha pili.

Dirishani yuko yule mdogo mruka, mwenye macho manane, mawili ya mbele yakiwa makubwa. Ukisogea, hugeuka akutazame. Nyumbani kwangu ndiye pekee anayenitazama usoni ninapozungumza. Msimdharau. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, yupo ndugu yake, Evarcha culicivora, aliyepewa jina hilo mwaka 2003. Huyu anapenda damu, lakini mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi yetu. Afanyeje? Humvizia mbu jike aliyekwisha kunywa, hasa Anopheles, yule mchukuzi wa malaria, akamla pamoja na mzigo wake. Tena akishakula damu, harufu yake huwapendeza zaidi wa jinsia ya pili. Watafiti Fiona Cross na Robert Jackson walionyesha mwaka 2011 kwamba buibui huyu huvutwa na harufu ya soksi zilizokwisha kuvaliwa. Tangu nilisome hilo nimeacha kufua soksi, kwa ajili ya afya ya umma. Nyumbani hawajanielewa.

Nje, kati ya miti, hutanda yule mkubwa wa uzi wa dhahabu. Ndugu zake wa Madagaska walitoa hariri iliyofumwa nguo ya rangi ya dhahabu isiyotiwa rangi yoyote, ikaonyeshwa hadharani mwaka 2009. Walihitajika buibui zaidi ya milioni 1. Walikamuliwa uzi wakaachiwa waende zao. Wote walikuwa majike, kwa kuwa dume ni kitu kidogo tu kinachojibanza pembeni mwa utando wa mkewe, kikitumaini kutoliwa. Kwa heshima ya akina baba waliopo, ukurasa huo nauruka.

Naja kwenye kashfa. Mtu anaamka na malengelenge shingoni, mtaa mzima unahukumu: amekojolewa na buibui! Nasimama hapa kama wakili wa mshtakiwa. Buibui hana mkojo wa maji wa kumrushia mtu; uchafu wake hutoka kama tone zito jeupe, lile mnalolikuta ukutani. Malengelenge yaliyojipanga upande mmoja wa mwili huenda ni mkanda wa jeshi: nenda hospitali, acha kufukuza buibui. Au ni yule kidudu mwekundu na mweusi aitwaye Nairobi flai, ambaye wala si inzi. Ni wa jamii ya mbawakawa. Hang'ati. Sumu iko ndani ya mwili wake, na ukimponda juu ya ngozi unajipaka mwenyewe. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliwaunguza Wakenya wengi kwa njia hiyo. Mpulize aondoke, kisha nawa kwa sabuni.

Hapo ndipo ninapowasilisha mchango wangu kwa ulimwengu: Kanuni ya Kwanza ya Hofu. Binadamu humwogopa buibui kwa ukubwa wake, kwa mbio zake na kwa manyoya yake. Sumu haina habari na vigezo hivyo. Yule wa ukutani anayewapandisha watu mezani hana mpango nanyi, anataka mende. Anayestahili hofu yenu hana mbio, ana tumbo la mviringo, anakaa kimya gizani, na hakuna anayempigia kelele. Kwa hiyo mtaa huu una hofu ya kutosha, ila imegawiwa vibaya.

Maelekezo ni haya. Utando wa darini fagieni, mwenyewe mwacheni. Viatu kung'uteni asubuhi kabla ya kuvaa. Yule mkubwa wa ukutani mfunikeni kwa bilauri, mpitishe chini yake kadi ya mchango wa harusi, ambazo najua kila nyumba zimejaa, kisha mmtoe nje. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine. Mtaalamu atasimamia kutoka mlangoni.

Namalizia na huyo mwenye tumbo la mviringo. Ni Latrodectus geometricus, wa kahawia, mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo. Sumu yake ni kali, ingawa ni mwoga na humng'ata mtu akibanwa tu. Maumivu mara nyingi huishia palepale alipong'ata. Yakizidi au misuli ikikaza, kimbilieni hospitali. Mtamjua kwa vifuko vya mayai yake, vya mviringo, vyenye vichomozo kila upande. Hupenda mahali pakavu pasipoguswa: ndani ya mapipa matupu, chini ya vyungu vya maua, na hasa chini ya viti vya plastiki vilivyokaa stoo miezi mingi, mfano vile vya kukodi vilivyoletwa leo asubuhi kwa ajili ya shughuli hii.

Sasa nakaribisha maswali. Mbona mmesimama wote? Sijasema nimemaliza.