Mwekezaji Anakuja, Ficheni Daftari

Kesho kijana wetu wa Kilimani anakutana na mwekezaji kwa mara ya kwanza, na maandalizi yamepamba moto. Slaidi zimepigwa msasa. Ile ya ramani ya Afrika haikukosa: watu zaidi ya bilioni moja, wote wateja watarajiwa, vichanga wakiwemo. M-Pesa ya 2007 inatajwa kila baada ya slaidi mbili, kana kwamba aliyeianzisha ni mjomba wake. Kampuni yake hupeleka nyanya kwenye vibanda vya Kawangware, ila imesajiliwa Delaware, Marekani, maana wenye mitaji hupenda sheria za huko.

Kilichosahaulika ni kitu kidogo tu: faida. Kila kreti inayotoka soko la Marikiti inaleta hasara, kwa sababu nauli ya bodaboda inameza faida yote na kubakia na njaa. Daftari la hesabu analo mwendesha bodaboda mwenyewe. Ukurasa wa Machi ulifungiwa mandazi.

Lakini majibu yamekaririwa. Faida iko wapi? "Kwanza tunakua." Washindani ni akina nani? Hawapo. Mama mboga, anayeijua bei ya kila fungu na deni la kila jirani, hahesabiwi. Huyo hajachora ramani.

Mazungumzo ni saa sita. Yasivuke saa nane tafadhali, koti ni la kuazima na mwenyewe ana harusi.