Mtaa Ulioziba

Nina steshenari ndogo hapa Kiwalani: mashine moja ya kopi, kompyuta yenye herufi E iliyofutika, na sifa kubwa kuliko mtaji. Watu wanaamini najua Kiingereza. Wananiletea barua za kuomba kazi, CV za vijana wao, matangazo ya chumba cha kupanga. Alhamisi moja wakaja watu watatu wa kamati ya sendofu, na mbele yao shangazi wa binti, kitenge kimefungwa kwa ari ya mtu aliyekuja kuamuru.

Kwa wasomaji wa ng'ambo ya Namanga: sendofu ni sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya harusi. Neno lilitoka kwa Waingereza, lakini tumeshalilea hadi limesahau kwao, kama pikapu, mekapu, chekapu na ile "ofu" anayoililia kila mlinzi wa zamu.

Mtaa wetu ni mwembamba. Bajaji mbili zikikutana, dereva mmoja lazima arudi kinyumenyume huku akitukanwa. Turubai la watu mia mbili halina pa kukaa isipokuwa katikati ya njia, na hilo halijawahi kuwa shida. Unamuona mjumbe, unapitia serikali ya mtaa, halafu unaweka benchi upande huu, tairi bovu upande ule, na juu ya tairi tawi la mwarobaini. Dereva wa bodaboda akiliona lile tawi hageuzi hata shingo kuuliza, anageuza pikipiki. Hakuna aliyemfundisha darasani.

Shida ilikuwa mhandisi. Mkandarasi wa mifereji alikuwa na mhandisi mgeni, mtu mpole, mwenye pikapu nyeupe, ambaye tawi la mwarobaini kwake lilikuwa tawi la mwarobaini. Wiki mbili nyuma alisogeza tairi letu kistaarabu kabisa, akaegesha kando kwanza ili asilichafue, kisha akaingia na gari mpaka kwenye arobaini ya watu. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye sufuria la pilau.

"Mwanangu," shangazi akaniambia, "huyu mwandikie kwa kizungu chake. Aelewe."

Nikaandika bango, herufi kubwa, wino mweusi, nikalitia laminesheni bure kwa ajili ya ujirani:

ROAD BLOCKED UP FOR SENDOFF. SATURDAY. SORRY FOR DISTURB.

Ijumaa jioni vijana wakalifunga kwa waya kwenye kreti mbili za soda pale njia panda. Kreti nazo, kwa bahati ambayo sitaisahau, zikawekwa juu ya mfuniko wa mfereji mpya.

Jumamosi saa kumi alasiri binti anaingia. Kamati mbele, wamejipanga wawili wawili, wanacheza hatua mbili mbele moja nyuma, vigelegele vinapambana na ndege iliyokuwa ikishuka Uwanja wa Julius Nyerere. (Huku Kiwalani kila hotuba hukatishwa na ndege, ma-emsii wazoefu huitumia nafasi hiyo kumeza mate.) Ndege ikapita, honi ikabaki. Tukageuka. Lilikuwa gari la majitaka, lile lenye tanki na mpira mnene uliozungushwa kama chatu aliyeshiba. Nyuma yake pikapu nyeupe. Vibarua wanne wa mabuti wakaruka na machepe.

Emsii, Mungu amsamehe, alidhani ni ujumbe wa upande wa bwana harusi. "Makofi kwa wageni wetu waliofika!" Watu wakapiga makofi. Vibarua wakapunga mikono.

Mhandisi akapiga goti kwenye njia panda, akasogeza kreti, akafunua mfuniko, akamulika tochi ya simu. Maji yanapita yenyewe, hayana habari na mtu. Akatazama bango. Akatazama mfereji. Akatazama bango tena. Hapo ndipo mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, aliyekuwa amekaa meza ya wazee na soda yake ya tangawizi, akavua miwani ili acheke vizuri.

"Nani kaandika hii?" akauliza, ingawa alikuwa ameshaniangalia mimi.

Somo nililipata palepale, mbele ya sahani yangu. "Block up," alisema, "ni ya tundu, bwana. Bomba, karo, pua. Umemwandikia mtu wa mifereji kwamba njia yake ya maji imeziba, ukamwomba radhi juu. Ulitaka block off. Ukiegesha gari lako mlangoni kwa mwenzio asitoke, hiyo block in. Ukiweka pazia zito jua lisiingie, block out." Nikamuuliza nani aliyagawa hivyo. Akasema hakuna aliyegawa, na ndiyo maana hayakusanyiki.

Nilijitetea, na bado najitetea. Kilichoniponza ni Kiswahili changu safi. Kwetu pua imeziba, choo kimeziba, masikio ya mtoto yameziba, na lori likilala Barabara ya Nyerere, njia imeziba. Kitenzi kimoja kinamhudumia fundi bomba, daktari na trafiki, na hakuna anayepeleka gari la majitaka kwa mgonjwa wa mafua. Tukitaka kubadili maana tunaifanya kazi hiyo mkiani mwa neno lenyewe: funga, fungia, fungua, ziba, zibia, zibua. Mkia umeshonwa, haupotei. Kitenzi cha Kiingereza kinatembea na mtoto mdogo nyuma, hajashikwa mkono, na mtoto huyo ndiye anayeamua baba yake anafanya kazi gani.

Mwalimu akaniambia nishukuru kwamba sikuandika close down, maana hiyo ni ya biashara iliyokufa, na mtaa mzima ungeonekana umefilisika. Seal off ni ya polisi, siku ambayo hutamani kuwa nyumbani. Cordon off ilinifurahisha: neno limetoka kwa Wafaransa, na asili yake ni kamba au utepe. Basi kumbe sisi na kamba yetu ya manila, kutoka mpapai wa shangazi hadi nguzo ya umeme, tumekuwa tukifanya mambo ya Kifaransa miaka yote.

Fence off sikuhitaji kufundishwa. Mtu anayeishi ukutani mwa uwanja wa ndege anajua uzio ni nini. Na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 14, 2024, wengi zaidi jijini wamelijua somo hilo: reli ya zamani uliikata popote ukiwa na ndoo kichwani, hii mpya ina uzio, unatafuta kivuko. Uswahilini tuna msemo wetu kwa kichochoro ulichokipita miaka kumi na asubuhi moja unakuta tofali zimepanda: njia imekufa. Hatusemi nani kaiua. Tunazunguka na msiba wetu.

Turudi kwenye sherehe. Gari la majitaka lisingeweza kugeuka. Lilirudi kinyumenyume taratibu, emsii akiliongoza kwa kipaza sauti, "kata kulia, kata kulia, bado," na deejay akiliwekea muziki. Mhandisi akakaribishwa. Alinawa mikono, akala pilau kwa mkono, vizuri kuliko nilivyotegemea, akaongezewa kachumbari bila kuomba.

Kisha akaniita. Alikuwa bado na bango mapajani. Neno la up alishalielewa, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, lakini lile la mwisho linamsumbua. Kwao, kwenye Kiingereza cha mpira, mchezaji akiwa sent off maana yake ametolewa nje.

"Kwa hiyo leo," akauliza akiitazama meza kuu, "nani amepewa kadi nyekundu?"

Nilikuwa natafuta pa kuanzia kueleza. Shangazi, aliyekuwa anapita na jagi la maji, akanitangulia.

"Bado," akasema. "Mahari ametoa nusu. Tunamwangalia."