Nilikuwa Natania, Mheshimiwa Hakimu

Loo! Hebu sogeeni nikae, maana magoti yamechoka na moyo umechoka zaidi. Nani hapa benchini hajawahi kuchezewa shere na fundi seremala? Anyooshe mkono. Haya, mnaona? Hakuna hata mmoja.

Mimi nilitoa advansi ya kabati mwezi wa Shaabani. Nikaambiwa, "Mzee, Idi utakula pilau huku unalitazama." Idi ikaja, pilau likaliwa, nikatazama ukuta. Idi Kubwa ikaja, mbuzi kachinjwa, nguo zangu bado ziko kwenye gunia. Mara mbao mbichi. Mara umeme. Mara kafiwa na shangazi, na nikiwahesabu mashangazi waliofariki mwaka huu, wanatosha timu ya mpira pamoja na wa akiba. Siku moja nafika pale, kibanda kitupu, kuku wanachakura vumbi la mbao. Kahama!

Kwa hasira nikatamka hapahapa, mbele ya watu saba na muuza kahawa: "Atakayeniletea huyu fundi, kahawa na kashata zake za wiki nzima ziko juu yangu!" Watu wakacheka, drafti ikaendelea.

Sasa kinachonichosha siyo fundi peke yake. Ni nyinyi washauri. Kila mmoja ananisonya: "Mliandikishiana? Hamkuandikishiana? Basi huna kesi." Mtume! Nani aliwafundisha kwamba mkataba hauzaliwi mpaka upigwe mhuri? Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inauliza mambo ya kawaida kabisa: mmekubaliana kwa hiari? Nyote wawili mna umri na akili ya kufunga mkataba? Kuna nipe nikupe ya halali? Na jambo lenyewe ni halali? Karatasi inadaiwa pale sheria nyingine inapoitaka, kama kwenye kuuziana ardhi. Kabati langu siyo kiwanja, jamani. Yeye kasema atatengeneza, mimi nikasema sawa, pesa ikahama mfuko. Mkataba umekamilika, hata kama mashahidi ni kuku. Karatasi itanisaidia kuthibitisha tu, na ndiyo maana wajanja siku hizi wanapatana kwa ujumbe wa simu, mtu asije akasema alisikika vibaya.

Ila msikimbilie mahakamani na kila neno. Yupo jirani yangu mmoja, kaahidiwa pikipiki na mjomba wake ukumbini, kipaza sauti mkononi, vigelegele hadi barabarani. Mpaka leo anatembea kwa miguu huku analalamika, "Ahadi ni deni!" Ni deni, mwanangu, lakini hakimu atakuuliza: wewe ulimpa nini mjomba? Shangwe? Ahadi ya bure, ambayo upande wa pili hautoi chochote, kwa kawaida sheria haiipi nguvu. Mjomba ana deni kwa Mungu na kwa wanawake waliopiga vigelegele.

Wafanyabiashara nao, aah! Wao wanataka maneno yao yawe ahadi wakati wa kuuza na yawe upepo wakati wa kudaiwa. Ugonjwa huu ni wa zamani. Muulizeni mwanafunzi yeyote wa sheria habari za kile kibofu cha moshi cha London. Mwaka 1891, mafua makali yanapukutisha watu, ikatokea kampuni inauza kidude cha mpira chenye bomba la kuchomeka puani, unavuta mvuke wa dawa. Tangazo lao gazetini likasema: atakayekitumia mara 3 kwa siku kwa wiki 2 kama alivyoelekezwa, kisha akaugua mafua, atalipwa pauni 100. Na wakaongeza kwamba wameshaweka benki pauni 1,000 kuonyesha hawafanyi mzaha. Nani aliwatuma?

Bibi mmoja, Louisa Carlill, akanunua, akavuta, akavuta, akavuta. Mwezi wa Januari mafua yakamlaza. Akadai chake. Weee! Kampuni ikageuka mawakili watupu. Ati yale yalikuwa madoido ya biashara tu. Ati hakuwajulisha kwamba amekubali. Ati mtu hawezi kufunga mkataba na dunia nzima. Mwaka 1892 majaji wa rufani wakawasikiliza, wakawauliza kuhusu zile pauni 1,000 za benki. Mtu anayefanya madoido huweka pesa benki? Ahadi unaweza kuitangazia dunia nzima, wakasema, lakini unafunga mkataba na yule anayetimiza sharti. Na hahitaji kukuandikia barua kwanza, kutimiza kwenyewe ndiko kukubali. Bibi akalipwa pauni zake 100.

Na walevi je? Hapo sasa! Huko Virginia, Marekani, usiku mmoja wa Desemba 1952, mzee Zehmer kakaa na chupa na bwana Lucy, wanabishana kuhusu shamba. Lucy anasema dola 50,000. Zehmer akachukua risiti ya mgahawa wake, akaandika nyuma yake kwamba anauza, akasaini, na mkewe akasaini. Baadaye: "Ah, nilikuwa natania, pombe ile!" Mahakama ikamwambia hatukai tumboni mwako tukajua ulichokusudia, tunatazama ulichomwonyesha mwenzio. Shamba likaenda.

Halafu mnasikia tajiri mmoja wa Uingereza, Mike Ashley, mwaka 2013 yuko baa, bia zinashuka, anamwahidi mtu pauni milioni 15 hisa za kampuni yake zikifika pauni 8. Zikafika! Kesi ikaenda, na mwaka 2017 jaji akasema hapana, hakuna mwenye akili timamu pale mezani ambaye angeyachukulia yale kuwa ahadi ya kweli. Mmh! Ulevi ni uleule, lakini kule kulikuwa na maandishi, saini mbili na bei ya shamba iliyoeleweka, huku kulikuwa na vicheko.

Nilikuwa katikati ya somo hili hili jana jioni, nimenyanyua kidole kama wakili, ndipo bodaboda ikafunga breki mbele ya benchi. Nyuma yake kakaa nani? Fundi! Kakonda, macho chini, kapatikana mtaa wa tatu.

"Mzee, huyu hapa," kijana akasema. "Kahawa yangu."

Nikacheka cheko la kampuni ya London. Nikamwambia, mwanangu, yale yalikuwa maneno ya kijiweni, mtu ana hasira zake, nilikuwa natania.

Benchi lote kimya. Mcheza drafti mmoja, bila hata kuinua macho kwenye kete, akauliza, "Milioni 15 za baa na kashata za wiki moja ni sawa, Mzee? Nani hapa hakuamini kwamba unaweza kununua kashata?"

Nikamgeukia fundi anitetee, maana tuko chombo kimoja sasa. Akatazama viatu vyake.

Muuza kahawa alikwisha kuinamisha dele, kikombe cha kwanza kinajaa. "Kijana," akauliza, "kashata za nazi au za karanga?"